Sauti Nzuri Yaweza Kufunika Nini?

Katika nyimbo za sauti ya tatu zilizotungwa Ulaya, labda hakuna ujulikanao na wengi kama "Nessun dorma", maana yake, "Asilale mtu". Hata wapenzi wa mpira waliuzoea mwaka 1990, kwani televisheni ya Uingereza iliutumia kufungulia habari za Kombe la Dunia lililochezwa Italia, ukiimbwa na Luciano Pavarotti. Nasi tuliusikia kwanza katika tamasha, mwimbaji amesimama peke yake mbele ya vinanda. Huanza polepole, kama mtu asemaye na nafsi yake usiku. Kisha sauti yapanda, yapanda, hata anapofikia neno la mwisho, "Nitashinda", mwili wasisimka. Machozi yalitutoka, wala hatukujua hata neno moja la yaliyotangulia.

Baadaye tuliusikia mahali pake, ndani ya opera, yaani mchezo ambao maneno yake huimbwa. Opera hiyo ni "Turandot", kazi ya Giacomo Puccini. Mwana wa mfalme, mgeni asiyejulikana, amefumbua vitendawili vitatu vya binti mfalme wa China, lakini binti hataki kuolewa. Basi kijana amwambia: ukilijua jina langu kabla ya mapambazuko, nitakufa. Binti atoa amri asilale mtu mjini Peking mpaka jina lijulikane, na adhabu ni kifo. Hapo ndipo kijana aimbapo. Na katikati ya wimbo, kwa mbali, wanawake wa mji waimba kwamba jina halitajulikana, nao, ole wao, hawana budi kufa. Ni baada ya sauti hizo ndipo apazapo ile ya kushinda.

Twakiri tulifadhaika. Katika tamasha nyingi wanawake hao hawapo. Vinanda hushika zamu yao, nasi twafurahia ushindi bila kujua walipao gharama yake. Je, tulikosa kulia kwa furaha? Wako wasemao kwamba sauti ni kitu kimoja na tendo ni kingine. Twakubali nusu. Zaburi ya 51 nayo, kama kichwa chake kisemavyo, yatokana na dhambi ya Daudi, nasi twaiimba kanisani. Lakini pale aliaye ni mkosaji mwenyewe. Huyu afurahi, na waliao ni wengine.

Tena yuko mjakazi, Liù, ampendaye kijana huyo. Ateswa ili alitaje jina, naye ajiua kwa jambia asije akalitoa. Puccini aliukamilisha muziki mpaka hapo tu. Alifariki tarehe 29 Novemba 1924, na sehemu ya mwisho ikamalizwa na Franco Alfano. Opera ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Milano, tarehe 25 Aprili 1926, Arturo Toscanini aliyeongoza vinanda alivinyamazisha papo hapo, Liù akiisha kufa na kuombolezwa. Kwa hiyo hatudhani kwamba mtungaji aliwasahau wenye kulia. Sisi wasikilizaji ndio tuliowaondoa, tupate kubaki na utamu.

Kijana mmoja wa kwaya yetu ataka sana tumfundishe ile sauti ya juu ya mwishoni. Tumemkubalia, ila kwanza tumemwita yeye na wasichana wa sauti ya kwanza na ya pili, waanze na zamu ya wanawake.