Kwa nini tunaijua Titanic na hatuijui Spice Islander?



Ndugu msomaji, muulize mwanafunzi yeyote hapa Gisenyi kuhusu Titanic. Atakuambia ilizama mwaka 1912, iligonga mwamba wa barafu, na pengine atakusimulia filamu yote. Kisha muulize kuhusu MV Spice Islander. Wengi watanyamaza. Meli hiyo ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi. Mwanzoni ilitangazwa kwamba waliokufa ni kama 200. Baadaye ripoti ya uchunguzi ikataja zaidi ya 1,500. Titanic iliua watu wapatao 1,500. Tofauti ni kwamba waliozama Nungwi wengi wao walikuwa Waislamu, wazungumzaji wa lugha hii unayoisoma.

Jibu la haraka ni kwamba dunia inawalilia matajiri na kuwasahau maskini. Lina ukweli. Juni 14, 2023 boti ya wahamiaji ilizama karibu na Pylos, Ugiriki, na mamia ya watu kutoka Pakistan, Misri na Syria wakapotea. Siku nne baadaye chombo kidogo chenye watu watano kilipotea kikienda kutazama mabaki ya hiyohiyo Titanic. Kila mtu anakumbuka ni kipi kilichozungumzwa zaidi.

Lakini je, ni dhambi kukumbuka wengine zaidi ya wengine? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Mama hamlilii mtoto wa jirani kama anavyomlilia wake, na Uislamu haukumtaka afanye hivyo. Kama ukaribu ndio sababu, basi hakuna wa kulaumiwa. Tatizo ni kwamba ukaribu hautoshi kueleza jambo hili. Pemba iko karibu nasi kuliko bahari ya Atlantiki, kwa lugha na kwa dini. Tunachokikumbuka si kilicho karibu, bali kile tulichosimuliwa, na hakisimuliwi kisichokuwa na majina.

Hapo ndipo penye kiini. Titanic ilikuwa na orodha ya abiria, hata wa daraja la tatu. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, ilikuwa na orodha ya waliolipia madaraja ya juu. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Kwa hiyo hawakusahauliwa baada ya kufa. Walikuwa wamekwisha kusahauliwa walipokuwa wakipanda meli.

Njoo sasa Petite Barrière. Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kwa miguu kwenda Goma, akina mama wakiwa na mabeseni ya nyanya na mboga kichwani. Hakuna anayepita bila kitambulisho au kibali chake kuangaliwa. Muuza nyanya mmoja anahesabiwa akienda na akirudi. Dola ikitaka kuhesabu watu, inaweza. Ng'ambo ya kizuizi hicho, Oktoba 3, 2024, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikikaribia bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni. Vita vilikuwa vimefunga barabara, ikabaki njia ya ziwa. Viongozi walitofautiana hata kuhusu idadi ya waliokufa: gavana wa Kivu Kusini alitaja 78, wengine wakataja pungufu.

Huenda mtu akasema: Mwenyezi Mungu anawajua wote, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Sisi kuwasahau kunawadhuru nini? Ni kweli, wao hakuwadhuru. Kunawadhuru walio hai. Katika fiqhi kuna mlango wa mafquud, mtu aliyepotea isijulikane kama yu hai au amekufa. Mke wake ataanza eda lini? Mirathi itagawiwa lini? Madeni yake nani atayalipa? Wanazuoni walihangaika na maswali haya karne nyingi. Mjane ambaye mumewe alipanda boti bila jina lake kuandikwa popote anabaki katika mlango huo, hana hata karatasi ya kumwonyesha kadhi. Na abiria wa kesho anapanda boti ileile iliyojazwa vilevile, kwa sababu maafa yasiyo na majina hayamfikishi mtu mahakamani. Baada ya Titanic mataifa yalikaa na kuandika mkataba wa usalama wa vyombo vya baharini mwaka 1914. Kukumbuka kulizaa sheria.

Tunayo Sunna ya wazi. Alikuwapo mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), mwanamke kwa mujibu wa riwaya mashuhuri. Alipofariki, Masahaba waliona jambo lake dogo, wakamzika bila kumjulisha. Mtume (S.A.W.) aliona hayupo, akamuulizia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda na kumsalia. Tazama mpangilio wake: kwanza alitambua kwamba mtu fulani hayupo. Asingeweza kutambua kama hakuwa akimhesabu alipokuwa hai.

Kwa hiyo tusianze kwa kuwalaumu watengeneza filamu. Wengi wetu tuna jamaa Goma, Minova, Idjwi na Bukavu. Unapopanda boti, ulizia orodha. Jina lako likikosekana, dai liandikwe, na la mama aliyekaa pembeni yako pia. Na kama kwenu kuna aliyezama, andika jina lake, siku na chombo, kabla wazee wanaomjua hawajaondoka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama katika maziwa na bahari zetu, na atujaalie kuwahesabu watu wangali hai. Amin.