Kodi Inapopunguza Sadaka

Kodi inaua sadaka, wasema wengi. Serikali ya Kenya ikishamkata mwalimu wa Rongo asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, atatia nini kwenye bahasha ya harambee? Ushahidi si haba. Wachumi Jonathan Gruber na Daniel Hungerman walichunguza makanisa ya Marekani ya miaka ya 1930, wakakuta matumizi yao kwa maskini yalishuka kwa takriban asilimia 30 serikali ya Roosevelt ilipoanza kuwasaidia. Naukubali ushahidi huo, ila sioni kwamba kila sadaka inayopungua ni hasara. Nauliza kwanza ni sadaka gani, na aliyeipokea alilazimika kumpigia nani magoti. Mzee wa Ndhiwa aliyetimiza miaka 70 na kupokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, kila mwezi hana haja ya kushinda langoni kwa mheshimiwa akisubiri huruma. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2003, moyo wa kuchanga haukufa. Tungali tunachangia sekondari, vyuo, bili za hospitali na matanga.

Tena kutoa kuna jambo ambalo hazina ya taifa haiwezi kuliiga. Mwaka 2015 shirika la GiveDirectly lilipopeleka pesa za bure Homa Bay, karibu nusu ya waliofikiwa katika baadhi ya maeneo walizikataa, na uvumi ukaenea kwamba ni pesa za shetani. Wengine waliwacheka. Mimi naona walikuwa na hoja: zawadi hudai kumjua mtoaji, maana humfunga mpokeaji kwake. Basi dawa ya mgonjwa isitegemee kifungo hicho.

Pingamizi zito ni kwamba pesa za Inua Jamii huchelewa miezi, na kodi nyingine huliwa. Kweli. Lakini hilo ni shtaka dhidi ya mwizi, na mwizi huyo ndiye hupenda harambee kuliko wote, kwani humrudishia mlipa kodi kipande cha mali yake mwenyewe na kupigiwa makofi. Rais Ruto alipotangaza Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee, vijana waandamanaji walikuwa wameshalidai hilo barabarani. Mwalimu yule wa Rongo anayemchangia jirani dawa zilizokosekana hospitalini anatenda wema, lakini pia analipa bima ileile mara ya pili.