Nyumba Mbovu na Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wanaohadaika na uzuri wa nje. Lakini ina upande wake wa pili usiosemwa mara kwa mara: ikiwa wema wa nyumba haujulikani kwa mlango, basi na ubaya wake haujulikani kwa paa. Hapo ndipo linapozuka suala lililozisumbua serikali nyingi, na raia wengi zaidi. Ni nani mwenye haki ya kusema kuwa nyumba ya mtu ni mbovu, haifai kukaliwa na binadamu, na kwa hivyo ivunjwe? Na mwenyewe akikataa, je, kukataa kwake ni ujinga wa kuelimishwa, au ni hoja ya kujibiwa?

Suala hili hudhaniwa kuwa ni la miji mikubwa, la Dar es Salaam na Nairobi, la ramani zinazotandikwa mezani na matingatinga yanayofika alfajiri. Lakini moja ya kurasa zake nzito iliandikwa mbali na miji, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Huko iko Nyabibuye, katika Buyungu ya zamani, iliyokuwa ikihesabiwa katika Kibondo na ambayo leo imo katika Wilaya ya Kakonko. Watu wa nchi hiyo walikaa kwa kutawanyika juu ya vilima, kila kaya na migomba yake na makaburi ya wazee wake, katika nyumba za miti, udongo na nyasi. Kwa macho ya mtawala makazi hayo yalikuwa na kasoro mbili: nyumba zilikuwa duni, na zilikuwa mbalimbali mno. Mara mbili katika muda wa miaka arobaini nchi hiyo iliambiwa ihame kwa faida yake yenyewe.

Mara ya kwanza sababu ilikuwa malale. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa Buha katika makazi ya pamoja, ili misitu inayofuga mbung'o ifyekwe na wagonjwa waonekane upesi. Mara ya pili sababu ilikuwa maendeleo. Mwaka 1972 Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupitiwa na operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, kabla ya amri ya Novemba 1973 iliyotaka kila mwananchi wa mashambani nchini Tanzania awe anaishi katika kijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara. Iliahidiwa shule, zahanati na maji ya bomba. Katika sehemu kadhaa za nchi nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasipate pa kurudi.

Insafu inadai kwamba hoja ya mpangaji isikilizwe kwanza, tena kwa ubora wake wote. Malale hayakuwa uzushi wa wakoloni, yalikuwa yakiua. Mtoto aliyeishi saa tatu za mwendo kutoka shule hakusoma, na mama mjamzito aliyeishi mbali na barabara alifariki njiani. Mjini nako, nyumba zilizobanana bila ya njia huungua mtaa mzima kwa kibatari kimoja, na choo kilichochimbwa hatua chache kutoka kisimani huleta kipindupindu kila masika. Mwenye kusema kuwa nyumba kama hizo ziachwe tu kwa sababu ni za asili anasema maneno mepesi, na aghalabu huyasema akiwa amekaa chini ya paa lisilovuja. Malenga wanaosifu kibanda cha udongo wanajua uzuri wake; mwenye kulala ndani yake usiku wa mvua ya upepo anajua na mengine. Umaskini haugeuki kuwa utamaduni kwa kuwa umedumu.

Basi hoja ya mpangaji ni nzito. Kosa lake halimo katika kuona ubovu. Limo katika kudhani kuwa akishauona amekwisha kuijua nyumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kadhalika hujui usingizi wake. Afisa anapoingia na daftari huandika ukuta, paa, choo na idadi ya vyumba. Haandiki kwamba jirani wa kushoto ndiye anayebaki na watoto mama akienda sokoni. Haandiki kuwa baraza ndiyo duka, kuwa uani ndiko kunakopikwa maandazi ya kuuza, wala kuwa migomba iliyo nyuma ya nyumba ni chakula cha mwaka. Mambo hayo hayana safu katika daftari lake. Nyumba inapohukumiwa kwa yale yaliyoandikwa tu, hukumu inaweza kuwa sahihi katika kila mstari na bado ikawa dhuluma.

Watu wa visiwani hawana haja ya kwenda Kigoma kulielewa jambo hili. Ng'ambo ya Unguja ilipewa jina lake na wale waliosimama upande wa pili, na tangu hapo imepangwa na kupangwa tena: mpango wa mwaka 1923, mpango wa mwaka 1958, kisha mpango wa mwaka 1968 uliochorwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Kutokana na huo wa mwisho nyumba nyingi za udongo zilivunjwa, na yakainuka majumba marefu ya Michenzani. Waliopewa nafasi ndani yake walipata sakafu ya saruji na umeme. Walipoteza baraza na ua, mahali ambapo mtu hupokea mgeni bila ya kumwingiza ndani, na ambapo mwanamke huwa nje na bado yu kwake. Leo wako waliozaliwa katika majumba hayo wanaoyapenda na wasiotaka kuyahama.

Hapa hutolewa hoja inayopendwa sana na watawala: tazameni, wajukuu wanashukuru. Lakini shukrani ya mjukuu haiwezi kuwa ridhaa ya babu. Mtu akichukua ng'ombe wa jirani bila ya ruhusa, akamuuza, kisha kwa fedha hizo akamsomesha mtoto wa jirani huyo hata akawa tabibu, mtoto amefaidika na ng'ombe ameibiwa. Kauli hizo mbili ni kweli kwa pamoja. Wema wa matokeo huweza kumfanya mtu asamehe. Haumpi mwingine haki ya kutoulizwa.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alilijua jambo hili. Katika waraka wake wa mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, alieleza kuwa watu hawawezi kuendelezwa na mwingine. Hujiendeleza wenyewe, kwa kuelewa na kuamua. Miaka mitano baadaye kuishi vijijini kukawa amri. Umbali baina ya waraka ule na amri ile ndio umbali wa mjadala huu wote. Hakuna haja ya kudhani kuwa nia ilibadilika kutoka njema kuwa mbaya. Huenda nia ilibaki ile ile, subira ikaisha. Na subira ya mwenye nguvu inapokwisha, anayelipa ni mnyonge.

Malipo hayo hudumu. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyokusudia kuzifuta haki za kimila za ardhi za watu waliohamishwa wakati wa operesheni, na kuwazuia wasidai mahakamani. Lohay Akonaay na mwanawe waliipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Takriban miaka ishirini ilikuwa imepita tangu watu kuhamishwa. Pingamizi ambalo halikusikilizwa mwanzoni halikufa. Lilingoja, nalo lilipojibiwa wazee wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa ugenini, maili chache tu kutoka kwao.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, nako kuna funzo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakazi waliondolewa na nyumba zikavunjwa ili zijengwe bora. Uwanja ukabaki mtupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza ujenzi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ghorofa kwa ajili ya kaya 644. Mwisho wake ni mwema, nao usibezwe. Lakini mtoto aliyeondoka hapo akianza darasa la kwanza alikuwa amekwisha kumaliza la saba. Ubaya wa nyumba mbovu unajulikana. Ubaya wa kungoja bila ya nyumba hauandikwi katika mpango wowote.

Je, kila pingamizi basi ni la haki? La. Wako wanaopinga kuvunjwa kwa vibanda wasivyovilalia, wenye kumiliki vyumba ishirini na kukusanya kodi ya kila mwezi kutoka kwa watu wasio na choo. Hao nao husema kwa jina la wananchi. Kipimo cha kuwatenganisha si kigumu: nani atalala wapi usiku wa siku ya kubomoa? Atakayelala palepale alipolala jana ana haki ya kudai fidia ya mali yake, lakini hana haki ya kumsemea atakayelala nje.

Kutokana na hayo yanapatikana masharti matatu ambayo bila ya kutimizwa kuvunja nyumba ya mtu kwa faida yake hakuwezi kuitwa faida. La kwanza, nyumba mpya iwepo kabla ya ile ya zamani kuondoka. La pili, anayehamishwa aulizwe wakati jawabu lake bado linaweza kuubadilisha mpango. Kumwita mkutanoni aone mchoro uliokwisha kutiwa sahihi ni kumwita arusini baada ya ndoa. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilishikilia jambo hili hili kuhusu majengo mabovu ya Johannesburg: hata jengo likiwa la hatari kweli, mamlaka ya jiji lazima kwanza izungumze kwa dhati na wanaolikaa. La tatu, pingamizi liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa na jawabu alilopewa.

Sharti hili la tatu huonekana dogo, nalo ndilo lenye kuwahusu zaidi wapenzi wa ushairi. Pwani imejua kwa muda mrefu kuyalilia majumba. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliyatazama magofu ya Pate, na kutokana nayo ikatoa mawaidha ambayo hayajachakaa hadi leo. Lakini yale yalikuwa majumba ya mawe, nayo mawe hubaki yakashuhudia. Nyumba ya udongo haiachi gofu. Ikibomolewa, masika mawili huiyeyusha ikawa shamba, na mpita njia hawezi kujua kuwa hapo palikuwa na jiko, kitanda na ugomvi wa mume na mke. Kwenye vilima vya Buyungu mtu anaweza kutembea kutwa nzima juu ya nyumba za watu bila ya kukanyaga hata kigae. Yanayoweza kubaki ni maneno ya mwenyewe siku alipoinuka mkutanoni akasema kuwa hataki, na akaeleza kwa nini. Yasipoandikwa hayo, atakayekuja kusoma historia ataukuta mpango peke yake, na ataamini kuwa hapakuwa na mtu.