Kipimo cha Maji na Deni la Wakubwa

Ziko neema ambazo zikipita kiasi hugeuka kuwa madhara. Mojawapo ni madini yaitwayo floridi. Yakiwa kidogo huyaimarisha meno yasitoboke. Ndiyo sababu mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, huko Marekani, ulianza kuyatia katika maji ya mabomba, na leo hutiwa katika dawa nyingi za meno. Lakini katika miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, hakuna aliyeyatia: ardhi ya volkano yenyewe huyatoa kwa wingi. Mtoto ayanywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakijengeka ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Wingi ukizidi kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 katika lita moja ya maji ya vijijini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 1.5 mwaka 1984, na kipimo hicho ndicho cha nchi yetu leo. Je, ruhusa ile ya kwanza ilikuwa ya haki?

Tusiwahukumu upesi walioitoa. Kumfungia mtu kisima chake pasipo kumpa kingine ni kumsukuma kwenye dimbwi lenye kipindupindu. Walakini ruhusa iliyozaliwa na shida haigeuki kuwa ushahidi wa usalama. Sheria yaweza kubadili tarakimu kitabuni; mfupa wa mtoto hausomi kitabu hicho. Basi yeyote anayevumilia dhara kwa kukosa njia hubaki na madeni mawili: kusema kweli, na kuitafuta njia pasipo kuchoka.

Na kweli ni hii: kuchemsha maji hakuondoi floridi, bali maji yapunguapo huzidi kukolea. Magadi yatiwayo katika makande nayo yaweza kuiongeza. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huichuja, na maji ya mvua karibu hayana kabisa. Pale maji mema yasipowatosha wote, haki yadai wapewe kwanza watoto wadogo, ambao meno yao yangali yanajengeka.

Nasi majirani tuache kumcheka kijana mwenye meno ya kahawia na kumwita mchafu. Alama ile aliipata katika kikombe alichopewa na wakubwa, kabla hajajua kuchagua.