Nduli na Kitanzini: Majina ya Mauti na Sisi Tunaoyataja



Wakati wa likizo iliyopita tulisafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa pamoja na mjukuu wetu, kijana wa darasa la sita. Tuliposhuka Ipogolo tulipanda daladala ya kwenda mjini, na kondakta akawa anaita kwa sauti kubwa, "Kitanzini! Kitanzini!" Mtoto akatugeukia akauliza, "Babu, kitanzi si kile cha kunyongea watu?" Tukamwambia ndicho. Kesho yake tulipita barabara ya Dodoma, akasoma kibao cha Nduli, ulipo uwanja wa ndege. Akauliza tena, "Na nduli si muuaji? Huu mji una nini, Babu?"

Tulimjibu kwa kifupi, kama wazee wafanyavyo wanapotaka kupumzika. Tulimwambia kwamba Iringa yenyewe yatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome, na kwamba mji una majina mengine mazuri tu: Mivinjeni, Miyomboni, na Gangilonga, lile jiwe lisemalo. Aliridhika. Sisi hatukuridhika, na tangu siku ile swali lake limetukaa. Je, jina la mauti likikaa mahali, tulifanye nini? Na likimkalia mtu?

Kwanza Kitanzini. Wajerumani waliiteka Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa, tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kule Mlambalasi ili asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Katika miaka ile boma la Wajerumani lilikuwa linajengwa mahali ulipo mji wa leo, na wazee wa Iringa husema kwamba hapo Kitanzini ndipo waliponyongewa wale waliokataa kutii. Kilwa Kivinje nako kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, kwa sababu iyo hiyo. Hakuna aliyekaa mezani akabuni majina hayo. Watu walipita, wakaona, wakawa hawana neno jingine la kupaita.

Leo Kitanzini watu wanauza nyanya, wanashona nguo, wanasali, wanangojea gari. Ukimwuliza kijana wa pale maana ya jina, pengine atacheka na kusema ni jina tu. Wapo wasemao kwamba yafaa jina hilo libadilishwe, kwa kuwa ni vibaya watoto kukua wakilitaja. Tunaiheshimu nia yao lakini hatukubaliani nao. Jina lile ndilo kaburi pekee walilo nalo watu wale, maana hatujui walizikwa wapi wala hatuna orodha ya majina yao. Kondakta anapolitangaza kutwa mara mia, anawataja bila kujua. Tukilifuta tutakuwa tumewanyonga mara ya pili.

Maandiko nayo hayakuona haya katika jambo hili. Mahali Bwana wetu aliposulibiwa palikuwa na jina baya, Fuvu la Kichwa, nalo likaandikwa jinsi lilivyo. Shamba lililonunuliwa kwa fedha ya Yuda lilikuwa la mfinyanzi, na jina la mfinyanzi halina ubaya wowote, lakini watu wa Yerusalemu wakaliita Konde la Damu, na mwinjili akaona vema kutuambia kwamba liliitwa hivyo hata siku zake. Ilikuwa rahisi kuliacha jina la kwanza. Nasi watu wa Iringa, tusomapo habari za Fuvu la Kichwa, hatuwezi kuacha kukumbuka fuvu jingine, lile lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambalo Ujerumani iliagizwa kulitoa katika muda wa miezi sita, nalo likangojewa mpaka tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa hapo Kalenga.

Majina ya namna hii husafiri pia, na yakisafiri hubadilika. Lugalo ni mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikiangamiza kikosi cha Zelewski, yule Mjerumani ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Damu nyingi ilimwagika pale, ya Wahehe na ya askari waliotumwa kuwapiga. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa Colito, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1941 huko Ethiopia. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalianzia humo, na baadaye kambi ikapewa jina la Lugalo. Basi leo mama akisema, "Nimejifungulia Lugalo," ana maana ya hospitali ya jeshi. Mahali pa mauaji pamezaa jina la mahali watoto wanapozaliwa. Nasi hatuoni kwamba waliokufa wametukanwa.

Yapo matumizi mengine yasiyo na heshima hiyo, nasi tuna lawama yetu humo. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tuliwafundisha vijana mchezo mmoja wa kusaidia tahajia ya Kiingereza. Mwalimu anaandika vistari ubaoni, mwanafunzi anakisia herufi, na kila akikosea mwalimu anachora sehemu moja ya mtu aliyetundikwa: mti, kamba, kichwa, mikono. Ukikosa mara nyingi mtu amenyongwa, darasa zima linashangilia. Ni mchezo uliotoka Ulaya, nao wafaa sana kwa kukumbuka herufi. Tuliufundisha miaka mingi, na baadhi ya walimu wale wamekwenda kuucheza katika shule za Iringa, kwa watoto wapitao Kitanzini kila asubuhi. Haikutupitia hata siku moja kichwani. Siku hizi tungechora nyumba badala ya mtu, ikibomoka tofali moja moja. Herufi zingejulikana vile vile.

Sasa Nduli, maana hapo ndipo tulipo na deni.

Nduli ya Iringa ni jina la mahali, nalo wenyeji walikuwa nalo kabla ya vita vyo vyote vya Kagera. Lakini katika Kiswahili nduli ni mtu katili, muuaji asiye na huruma. Wengi wetu hatukuwa tumelisikia neno hilo mpaka majeshi ya Uganda yalipoivamia Kagera mwaka 1978. Hapo Mwalimu Nyerere na Radio Tanzania wakamwita Idi Amin nduli, na kwa wiki chache nchi nzima ikawa na neno jipya kinywani. Liliimbwa na kwaya za shule na bendi za dansi, likaandikwa magazetini. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 lilikuwa limekwisha kuzoeleka hata likashuka cheo: mwalimu wa zamu alikuwa nduli, mpishi apunjaye maharagwe alikuwa nduli, mbwa mkali alikuwa nduli. Wengine hata leo husema "vita vya nduli", na kila mtu huelewa. Twaweza kuongeza hapa kwamba Amin, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina lenye maana ya mwaminifu. Majina hayana budi kutuchekesha wakati mwingine.

Sisi mwaka 1979 tulikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni. Darasani kulikuwa na msichana mmoja kutoka kijiji cha Nduli, mpole, hodari wa hesabu. Siku moja mwalimu mgeni aliwaambia wanafunzi wasimame mmoja mmoja wataje jina na kwao. Zamu yake ilipofika akasema, "Kwetu ni Nduli." Darasa likalipuka kwa kicheko. Sauti moja ikapaza, "Binti Amin!" Jina likamshika. Alikuwa Binti Amin bwalo la chakula, Binti Amin mchakamchakani, mpaka walimu wawili watatu wakalitumia kwa mzaha. Muhula uliofuata, akiulizwa kwao, alijibu, "Iringa mjini." Baada ya muhula mwingine hakurudi shuleni. Hatukujua sababu, na pengine ilikuwa karo au ugonjwa, au lo lote lile. Lakini sauti ile ya kwanza ilikuwa yetu.

Tumesema kwamba jina la mauti likae mahali pake. Juu ya mtu tunasema vingine. Raheli alipokuwa anakufa kwa uchungu wa uzazi alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu, na Yakobo, ambaye alimpenda mke huyo kuliko wote, hakukubali. Akamwita Benyamini. Kaburi la Raheli alilisimamishia nguzo, na huzuni ikawekwa pale kaburini. Mtoto hakubebeshwa. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini bado wanaletwa kisimani pa ubatizo watoto waitwao Matatizo, Mateso, Shida. Twajua kila jina lina habari yake, na pengine mama ndiye aliyetaka kusikiwa. Mapadre wetu wafanya vema wanapouliza kwa upole kabla ya kumwaga maji.

Tena kuna majina ambayo si huzuni tu bali ni hatari. Mumiani lilikuwa neno la Kiajemi, dawa nyeusi kama lami itokayo mwambani, iliyotumika kwa mifupa iliyovunjika. Ulaya wauza dawa waliwahi kusaga maiti za kale za Misri wakiziuza kwa jina hilo hilo. Pwani yetu watu wakaamini kwamba dawa ile ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kutoka hapo neno likawa si dawa tena, likawa mtu anyonyaye damu. Nairobi na Kampala wakati wa ukoloni walishukiwa wazimamoto. Bara tukapata chinjachinja. Huku Mbeya mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kidogo kukawa na mauaji ya kweli, watu wakachunwa ngozi, na tukaanza kuwatisha watoto, "Nyamaza, mchuna ngozi anapita." Tuliwatisha sisi wenyewe, majumbani mwetu, ili walale mapema.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma, walifika watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha: watafiti wawili na dereva wao. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Mtu akasema ni wanyonya damu. Wote watatu waliuawa na umati, na gari lao likachomwa moto. Hawakuwa na kosa lo lote isipokuwa jina walilopewa muda mfupi kabla. Tofauti na Kitanzini ni hii: Kitanzini lasema jambo lililotokea, na karibu hakuna alisikiaye. Mumiani lasema jambo ambalo halipo, na watu wanakimbia na mapanga.

Mtu aweza kutuuliza, "Je, na Amin mwenyewe? Si alikuwa nduli kweli?" Alikuwa. Makadirio ya waliouawa katika utawala wake, kuanzia 1971 hadi 1979, hufika watu 300,000. Sisi Waanglikana hatuhitaji kutafuta mbali: Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977, nayo serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Sanamu yake iko mbele ya kanisa la Westminster Abbey, London, tangu 1998, na tarehe ya kifo chake ni sikukuu ya taifa Uganda. Kumwita muuaji muuaji si dhambi, na Mwalimu hakukosea. Lakini katika mwaka ule ule wa 1977 Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekimbia nchi baada ya kifo cha Luwum, alitoa kitabu akakipa jina la I Love Idi Amin, yaani nampenda Idi Amin. Tuliposikia habari zake mara ya kwanza tulidhani amerukwa na akili. Hatukuweza kusema hivyo sisi, na hata leo hatuna hakika kwamba tungeweza. Ila tunaona alilokuwa anakataa. Alikataa kumwacha neno moja limmeze mtu mzima. Maana neno hilo halikuishia kwa Amin. Liliwaangukia Waganda wasio na hatia, likawaangukia watu wa kabila lake, likasafiri maili mamia mpaka bweni la wasichana wa shule yetu.

Miaka mitatu iliyopita tulialikwa harusini Iringa. Mshereheshaji aliwataka jamaa wa bibi arusi wajitambulishe. Akasimama mama mmoja mwenye mvi, akasema, "Kamwene. Mimi ni shangazi yake, kwetu ni Nduli." Watu wakapiga makofi, na hakuna aliyecheka, maana vijana wa leo wakisikia Nduli wanafikiri ndege. Tulimtambua mara moja. Baada ya chakula alikuja mezani petu, akatusalimu, akauliza kama sisi si yule mwalimu aliyesoma shule fulani. Tukasema ndiyo. Akauliza, "Wanikumbuka?"

Tukasema, "Samahani mama, miaka imekuwa mingi."

Mjukuu wetu amerudi shule, lakini anatazamia tumweleze habari ya Nduli kama tulivyomwahidi, nasi hatuwezi kumweleza nusu. Barua tumeiandika, kurasa mbili. Binti yetu anakwenda Iringa Ijumaa, naye anakufahamu kwake.