Je, Kanuni ya Kibali Yafunga Dhamiri?

Wako Wakristu wema, waendao Misa kila Dominika na kuwafundisha watoto wao Katekisimu, ambao hata hivyo huzigawa sheria mafungu mawili. Sheria ya kutoua na kutoiba huishika kwa kumcha Mungu. Sheria ya leseni na vibali huishika kwa kumwogopa mkaguzi. Mkaguzi akiwa mbali, hawaoni dhambi kuivunja, wala hawaitaji katika kitubio. Leo twataka kuipima fikira hiyo kwa mfano mmoja ambao babu zetu hawakuujua, lakini sasa umefika mpaka vijijini: biashara ya kurejeleza taka zenye sumu, hasa betri kuukuu za magari na za umeme wa jua.

Kwanza tuseme wazi kwamba kazi yenyewe si mbaya. Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, hakuacha masalio ya mikate yakanyagwe. Aliwatuma mitume wayaokote. Risasi iliyomo ndani ya betri yaweza kuyeyushwa na kutumika tena mara nyingi, na kila kilo inayookolewa hupunguza haja ya kuchimba nyingine. Mtu aifanyaye kazi hiyo kwa uangalifu ajipatia riziki ya halali na kuihudumia jamii.

Lakini risasi ni sumu. Betri ikipasuliwa ovyo, tindikali humwagika na kupenya ardhini. Risasi ikiyeyushwa katika tanuri lisilo na kichujio, moshi na vumbi lake huangukia paa, kisima, nguo zilizoanikwa, na mchanga wanamochezea watoto. Huingia katika damu, hujificha mifupani, na kwa njia ya mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Humdhuru zaidi mtoto mdogo ambaye ubongo wake ungali unakua. Na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha udongo wenye risasi karibu na makao yao. Watu wale hawakuwa na nia ya kumwua mtu. Walikuwa wakitafuta chakula.

Ndiyo maana nchi nyingi hazimruhusu mtu kuanza kazi hii kwa hiari yake tu. Kenya ilitunga sheria ya mazingira mwaka 1999 na kanuni za taka mwaka 2006. Tanzania ilitunga sheria yake ya mazingira mwaka 2004. Matakwa ya sheria za namna hii hufanana: athari za mradi zipimwe kabla ya kujenga, majirani waulizwe, kibali kiwe cha muda maalumu, wala si cha milele, taka zichukuliwe na mwenye leseni, pamoja na hati ionyeshayo zimetoka wapi na zaenda wapi, mkaguzi asizuiwe mlangoni. Msomaji akiyatazama masharti haya kwa haraka ataona makaratasi na ada. Akiyatazama vizuri ataona watu. Sharti la kichujio lalinda mapafu ya jirani. Sharti la mavazi ya kazi lamlinda mtoto anayepakatwa na baba yake jioni.

Mtu aliyesoma aweza kutujibu kwamba wanateolojia wa kale, akiwamo Fransisko Suárez, walijadili habari ya sheria za adhabu tu, yaani sheria ambazo mwenye kuzivunja hatendi dhambi, ila hupaswa kulipa faini akikamatwa. Twaujua mjadala huo. Lakini hata tukikubali kwamba sheria za namna hiyo zipo, haziwezi kuhusu jambo ambalo sheria ya maumbile imekwisha kulikataza. Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotangazwa na yule aliyekabidhiwa jamii. Wajibu wa kutomtilia jirani sumu haukuvumbuliwa na serikali. Umo katika amri ya tano. Kanuni ya kibali yatuonyesha tu namna ya kuutimiza mahali hapa, kwa tanuri hili, kando ya kisima hiki. Basi anayeivunja makusudi, akijua hatari anayowaletea wengine, amekosa mbele ya Mungu, si mbele ya karani peke yake.

Maandiko Matakatifu yenyewe yatufundisha njia mbili za haki. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mtu aliyechimba shimo na kuliacha wazi, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, apaswa kulipa. Hiyo ni haki ijayo baada ya hasara. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba mpya aagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka paa lake, ili mtu asianguke na kumletea mwenye nyumba hatia ya damu. Hiyo ni haki itangulayo hasara. Ng'ombe aweza kulipwa. Mtu aliyekufa halipiki. Kibali, ndugu wasomaji, ni ule ukuta wa paa.

Tofauti ya haki hizo mbili imeonekana karibu nasi, huko Owino Uhuru, mtaa wa maskini mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi kando kabisa ya nyumba za watu. Bi Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi kiwandani humo, alimwona mtoto wake mwenyewe akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Akaacha kazi, akawatetea majirani. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Na lisisahauliwe jambo hili: mzigo wa kulipa haukutwikwa wenye kiwanda peke yao. Sehemu kubwa ilitwikwa mamlaka za umma, zilizopaswa kuzuia mambo yasifike hapo. Tangu tanuri liwashwe hadi neno hilo la mahakama ilipita miaka 17. Fidia ni haki ya watu wale. Lakini hakuna shilingi iwezayo kumrudishia mtoto akili iliyodumaa.

Kwa hiyo afisa atiaye sahihi asidhani kazi yake ni ya mkono tu. Akipitisha tanuri ambalo hakulikagua, ameshuhudia uongo. Akipokea bahasha ili asilikague, ameuza kitu kisicho chake, yaani afya ya watu asiowajua. Naye mfanyabiashara asikitundike kibali ukutani kana kwamba ni ondoleo la dhambi. Kibali hakimpi mtu ruhusa ya kudhuru. Akigundua kwamba moshi wake wawaumiza watu, apaswa kuzima moto siku hiyo hiyo, hata ikiwa tarehe ya kibali haijaisha.

Lakini haki yadai tuseme na upande wa pili. Kijana anayepasua betri uani hana mtaji wa kujenga kichujio, wala hana nauli ya kwenda ofisi tatu. Ikiwa njia ya kupata kibali ni ndefu na ghali hata matajiri peke yao waweza kuipita, sheria hiyo yawasukuma maskini gizani, na watungaji wake watajibu kwa Mungu. Serikali iweke vituo vya kukusanyia betri, ili kijana huyo aishi kwa kuziokota na kuzipeleka zikiwa nzima, na kuyeyusha kuachiwe wenye uwezo. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba athari za mradi zapaswa kupimwa tangu mwanzo, si baada ya mambo kukatwa, na kwamba wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee katika shauri hilo. Hata hivyo umaskini haumpi mtu haki ya kumtia sumu maskini mwenzake.

Nasi majumbani tusijihesabie haki upesi. Betri ya gari au ya umeme wa jua ikifa, huja mtu na mizani, hutoa noti chache, huondoka nayo, wala hatumwulizi aipeleka wapi. Kuuliza ni wajibu wetu. Parokia na shule zenye betri nyingi zitangulie kuonyesha mfano, zikizikabidhi kwa wenye kibali hata kama bei yao ni ndogo zaidi. Baba afanyaye kazi hiyo abadili nguo na kuoga kabla ya kuwapakata watoto wake. Tena mwenye kupiga magoti katika kitubio, akiifikia amri ya tano, asiipite mbio kwa kuwa hajapata kushika kisu wala bunduki. Ajiulize pia ni kitu gani kilichotoka uani kwake, na kimeangukia nyumba ya nani.