Kazi Iliyopita, Je, Ni Kazi Iliyopotea?

Mtu akifanya kazi njema, na baada ya miaka kazi ile ikaondoka isionekane tena, je, tuseme alitaabika bure? Wengi hulijibu swali hili kwa haraka, nasi twataka kulitazama polepole kwa mfano mmoja, yaani eropleni za Waingereza zenye injini nne za jeti. Zamani zilipita juu ya nchi zetu. Siku hizi mtu aweza kutazama mbingu mwaka mzima asiione hata moja.

Ya kwanza iliitwa Comet, kazi ya kampuni ya de Havilland. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949. Tarehe 2 Mei 1952 ilitoka London na abiria wenye kulipa nauli, ikapita Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, hata ikafika Johannesburg. Kabla ya siku ile hapakuwa na eropleni ya jeti iliyochukua abiria kwa safari za kawaida. Basi Entebbe ni miongoni mwa miji ya kwanza duniani kuliona jambo hilo.

Lakini tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa 21. Wataalamu wa Farnborough wakatia mwili wa Comet katika birika kubwa la maji, wakawa wakishindilia maji ndani yake na kuyapunguza, tena na tena, mfano wa hewa inavyoshindiliwa ndani ya eropleni kila ipandapo na kupunguzwa kila ishukapo. Mwezi wa Juni mwili ule ukapasuka. Ikajulikana ya kuwa madini nayo huchoka. Ukikunja waya huku na huku, mara ya kwanza haukatiki, lakini mwisho hukatika mkononi mwako. Katika Comet uchovu ulianza penye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini. Habari hizi hazikufichwa. Ziliandikwa na kutangazwa, na waundaji wa nchi nyingine wakajifunza.

Hapa yatupasa kujihadhari. Wako wasemao ya kuwa wale watu 56 walilipa ada ya elimu yetu sote. Neno hilo si la haki. Ada hulipwa na mtu ajuaye analipia nini, bali wale walitaka kufika waendako tu. Hatuna ruhusa ya kukihesabu kifo cha mwingine kuwa bei ya faida yetu. Tuwezalo kusema ni hili: waliobaki waliachiwa deni, na deni lenyewe lilikuwa kusema kweli. Kama habari zingalifichwa ili biashara isiharibike, wangalikufa wengine.

Baadaye ikaja VC10, iliyoruka mwaka 1962 na kuanza kuchukua abiria mwaka 1964. Iliundwa makusudi kwa viwanja vya nchi za joto na za juu, kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na eropleni hutaka njia ndefu kabla ya kuinuka. Shirika la East African Airways lilinunua tano. Abiria waliisifu kwa utulivu wake, walakini zilizoundwa zote ni 54 tu. Wazee husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hiki hakikujiuza. Viwanja viliongezwa urefu, na Boeing 707 ya Marekani ikawa nafuu kuiendesha. Basi twaona ya kuwa bei ya sokoni na thamani ya kazi si kitu kimoja, wala fundi asihukumiwe kwa wingi wa wanunuzi peke yake.

Moja katika zile tano iliharibika kwa ajali ya Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, wakafa watu 43. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na zile nne zilizosalia zikachukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikafanywa za kujaza mafuta eropleni nyingine huko huko angani. Tarehe 25 Septemba 2013 VC10 iliruka kwa mara ya mwisho, nayo ilikuwa moja ya zile nne.

Huenda msomaji akauliza, mbona zimeondoka karibu zote? Sababu kubwa si aibu ya mtu. Injini nne hunywa mafuta mengi na kutaka matengenezo mengi, na siku hizi injini mbili zatosha. Za mwisho, zilizoitwa BAe 146 na Avro RJ, ziliacha kuundwa mwanzoni mwa karne hii. Tena si kila kiondokacho chastahili machozi. Vulcan iliundwa ili kuchukua bomu la atomiki, na kazi kama ile kupungua duniani ni heri.

Hata hivyo Vulcan yatufundisha neno. Moja iliyotunzwa ili watu waitazame iliruka mara ya mwisho tarehe 28 Oktoba 2015. Iliwekwa chini kwa kuwa makampuni yaliyoidhamini kwa ufundi yaliacha, maana ujuzi wa kazi ile ulikuwa ukipungua pamoja na wazee walioujua.

Kwa hiyo sisi twatenga mambo matatu. Chombo hapana budi kipite. Kweli iliyopatikana hukaa, ikiandikwa na kutangazwa. Ustadi wa mikono hufa na mwenyewe, asipoufundisha. Seremala ajuaye kuchonga mzinga kwa tezo, na mama ajuaye udongo upi haupasuki motoni, wasihuzunike kwamba sufuria na mbao za kiwanda zimeingia kijijini. Lakini mtoto akija kutazama, wasimfukuze. Wampe tezo na udongo ajaribu, wakamwambie pia yale yaliyowahi kuharibika mikononi mwao, na kwa nini.